Mtu wa Ghorofa ya Thelathini na Tisa

Leszek Wrona alikuwa na jicho la ugomvi. Akiingia nyumbani kwako, kabla hajakusalimu ameshaona kwamba picha ya Bikira Maria ukutani imelala upande, na mkono wake umeshafika kuinyoosha. Sisi tuliokaa naye mtaa mmoja, kaskazini-magharibi mwa Chicago, tulimzoea. Tukimwona anakuja tunaambiana, "Nyoosheni pazia, fundi kafika." Mwenyewe hacheki. Kwake pazia lililopinda lilikuwa kosa kama makosa mengine.

Jicho hilo ndilo lililomlisha. Kazi yake ilikuwa kupiga picha minara ya ofisi katikati ya jiji, ile ya chuma na vioo inayosimama kando ya mto, na waliomwajiri ni wasanifu waliotaka dunia ione walichojenga. Alifika Marekani kutoka Poland akiwa kijana, na mama yake na mdogo wake, Kiingereza hana, akapata kazi ya kumbebea vyombo mpiga picha mmoja wa Kiswidi aitwaye Hallberg. Mzee Hallberg alikuwa mkali, na alijua anachokifanya. Alimfundisha kwamba mnara haupigwi picha, unangojwa. Uso unaotazama mashariki ni wa asubuhi, wa magharibi ni wa jioni, na ule wa kaskazini una wiki chache tu za kiangazi, ukizikosa rudi mwakani. Jioni nzuri kuliko zote ni za baridi kali, maana jua huzama watu wakiwa bado kazini na taa za ofisi zinawaka mpaka juu. Na mistari isimame wima. "Mnara ukiegemea nyuma kama mlevi," alikuwa akisema, "umemtukana aliyeujenga."

Zaidi ya yote alimfundisha kusafisha. Kabla ya picha Leszek alilizunguka jengo zima akihamisha mapipa ya taka, akiwabembeleza wenye magari wasogee, akipiga simu ofisi kwa ofisi kuomba mapazia ya madirisha yashushwe yawe kimo kimoja. Asichoweza kukiondoa kwa mkono alikiondoa baadaye kwenye kompyuta: nyaya, mabango, njiwa, mtu aliyesimama mlangoni kuvuta sigara. Na kazi ikishapokelewa, picha nyingine zote zilitupwa. Mzee Hallberg alikuwa akizikata filamu zake kwa mkasi. Picha mbaya ukiiacha hai, alisema, ipo siku mteja ataiona, na wateja walivyo, ataipenda hiyo hiyo. Leszek naye akawa vivyo hivyo, ila yeye hakuhitaji mkasi. Alibonyeza tu.

Mkewe alimvumilia akachoka. Alipoondoka aliwaambia mashoga zake kwamba mume yule akimtazama, anamtazama kana kwamba nyuma yake pana pipa la taka. Tulicheka sana, Mungu atusamehe.

Sasa huyo mdogo wake, Kazik, ungedhani wamezaliwa na mama mbalimbali. Kazik alikuwa mpana, ana sharubu, ana sauti ya kujaza kanisa, na kitambaa chekundu hakikumtoka kichwani, baridi au jua. Alikuwa mwosha vioo. Siku isiyo na upepo alishushwa kutoka paani katika jukwaa linaloning'inia kwa kamba za chuma, yeye na ndoo yake na mpira wake wa kufutia, akaosha vioo vile vile ambavyo kaka yake alivipiga picha. Makarani wa ghorofa za juu walimjua kwa jina. Wengine walimwandikia salamu kwenye karatasi wakazibandika dirishani, naye akawajibu kwa kuchora nyuso katika povu la sabuni.

Kila Jumapili baada ya misa walikula kwa mama yao, Mama Bronia, na kila Jumapili Kazik alikuwa na neno.

"Mimi naosha, wewe unasifiwa kwa kung'aa," alimwambia kaka yake siku hiyo, huku akijiongezea pierogi, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, kwa mara ya tatu. "Hebu niambie, kaka. Umeupiga picha mji mzima. Mdogo wako vipi? Sura yangu inavunja kamera?"

"Sipigi picha za watu."

"Mimi si mtu, mimi ni sehemu ya jengo. Muulize bosi wangu."

"Mpige mwenzako picha," alisema Mama Bronia. "Utapungukiwa nini?"

"Mama, mimi si mpiga picha wa harusi."

"Nani kataja harusi? Huyu nani atakubali kuolewa naye?" alisema mama, na Kazik akacheka mpaka akapaliwa.

Lakini alipomaliza kukohoa hakuacha. Alisema, safari hii bila utani, kwamba katika maisha yake yote hana picha moja akiwa kule juu, na kwamba kule juu ndiko alikokuwa mtu. Chini kila mmoja humwambia apishe. Leszek aliweka uma mezani. Ilitokea kwamba alikuwa amepewa kazi ya mnara mpya wa barabara ya Wacker, uso wa mashariki, na kampuni ya kina Kazik ndiyo iliyokuwa ikiuosha.

"Mtashuka lini upande wa mashariki?"

"Jumanne, Mungu akipenda na upepo ukikubali."

"Basi Jumanne nitakupiga picha. Na nitakuacha humo humo ndani ya picha. Naahidi."

"Mama, umesikia," alisema Kazik. "Shahidi ni wewe."

Jumanne ilikuja na moja ya zile asubuhi za Oktoba ambazo hata Leszek hakuwa na la kuzilaumu. Alifunga kamera juu ya paa la maegesho ng'ambo ya mto, akangoja. Jua lilipopanda kutoka ziwani na kuukuta mnara, vioo vyote vilishika rangi ya shaba mpya, na katikati yake, ghorofa ya thelathini na tisa, jukwaa lilikuwa linaning'inia na mtu ndani yake mwenye kitambaa chekundu. Simu ya Leszek ikalia.

"Kaka, unaniona?"

"Nakuona. Acha kuchezacheza, unatikisa jukwaa."

"Nitoe tumbo au nilifiche?"

"Kutoka huku tumbo halionekani, Kazik. Unaonekana kama siafu."

"Siafu mzuri lakini?"

"Mzuri. Inua mkono. Hapo. Usihangaike."

Kazik aliinua mpira wake wa kufutia, mkono umenyooka, akakaa vile vile kwa muda mrefu kuliko alivyoombwa. Leszek alipiga picha ile. Alijua papo hapo kwamba ni nzuri, maana mwenye kazi yake hujua. Mtu yule mmoja mdogo ndiye aliyeufanya mnara uwe mrefu. Alirudi nyumbani akiimba, jambo ambalo majirani tulilizungumza.

Kilichofuata nakieleza kama kilivyokuwa, maana watu wameongeza chumvi. Msanifu hakumwambia amwondoe. Hakuna mtu yeyote aliyemwambia. Wiki iliyofuata Leszek alikaa mbele ya kompyuta akila mkate na soseji, anasafisha: akatoa kreni iliyokuwa nyuma, akatoa nyaya, akatoa bango la daraja, akapanda ghorofa kwa ghorofa kama kawaida yake. Alikusudia kutengeneza picha mbili, moja safi ya mteja, na nyingine yenye Kazik. Alianza na ya mteja. Alichukua kioo cha dirisha la pembeni akakiweka juu ya jukwaa. Alizifuta kamba. Kisha akaona kwamba katika kioo cha nyuma kumebaki taswira ya mtu, kitambaa chekundu na mkono ulioinuliwa, maana kioo safi huonyesha kila kitu, naye akaifuta hiyo pia. Kwa hiyo alimfuta ndugu yake mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anatafuna.

Picha ikapelekwa, ikapokelewa kwa sifa. Jioni ile simu haikukoma, kazi mpya zikaingia, na Leszek, kama alivyofanya kila kazi ilipopokelewa, akatupa zilizobaki. Alibonyeza na kwenda kujichemshia chai. Alikuwa ameshika kikombe alipokumbuka. Alirudi mbio, akatafuta kwenye kila diski aliyonayo, na kesho yake akampelekea fundi mmoja wa kompyuta ajaribu kuifufua. Fundi alimwambia, "Mzee, wewe umesafisha vizuri mno. Hapa hapana hata mfupa." Leszek alikaa ndani ya gari lake akalia.

Mtu mwingine angeenda jioni ile ile kwa mdogo wake akamwambia, nisamehe, nimefanya upumbavu. Kazik angemtukana kwa Kipolandi na kwa Kiingereza, wangekunywa, yangekwisha. Leszek hakwenda. Alijiambia atampiga picha nyingine msimu wa maua, iliyo bora zaidi, na hapo ndipo atakapomweleza yote. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini kila angojaye hudhani tumbo lake ni la chuma.

Msimu wa maua wenye mnara waliichapisha picha ile kubwa, ndefu kupita watu wawili mmoja juu ya mwingine, wakaitundika ukumbi wa mapokezi. Leszek alipata hofu, kisha akajituliza kwa jambo alilolijua vizuri. Barabara ya Wacker ina ghorofa mbili: ya juu yenye jua na milango ya kuzunguka, na ya chini, ya malori na mapipa, isiyoona mchana. Waosha vioo huingia kwa chini. Hupanda kwa lifti ya mizigo mpaka paani na hushuka kwa lifti hiyo hiyo. Ukumbini hawana safari. Kwa hiyo, alijiambia, Kazik hataiona. Na kweli Kazik alipoulizwa habari za picha alisema tu, "Picha iko kwa kaka, yeye ndiye mwenye kujua," kisha akabadili mazungumzo.

Ikafika Krismasi. Kwetu sisi Wapolandi, usiku wa mkesha, kabla ya mtu kuonja supu, kila mmoja huchukua kipande cha mkate mweupe uliobarikiwa, mwembamba kama karatasi, akamwendea mwenzake. Unavunja kidogo cha mwenzako, naye anavunja chako, mnatakiana heri, na mwenye kinyongo au kosa hulisema hapo. Ndiyo maana ya mkate wenyewe. Watu wasiosemezana mwaka mzima huvunja mkate ule wakalia, kisha wakala.

Kazik alianza na mama. "Nakutakia macho mazuri, Mama, maana kuna kitu lazima ukakione. Mwanao yuko ukutani kwenye jengo la matajiri, mkubwa kuliko askofu."

"Wewe?" alisema Mama Bronia. "Kweli?"

"Mimi, na kitambaa changu. Si kaka aliahidi?" Leszek alijiambia kwamba mdogo wake amesikia tu kuwa picha imetundikwa.

Mama akaanza kulia kwa furaha, akamgeukia Leszek akambusu mikono, mama mzima anambusu mwanawe mikono. "Utanipeleka lini?"

"Theluji ikiisha, Mama," alisema Leszek. Sauti yake mwenyewe ilimchukiza.

Kisha Kazik akamjia na kipande chake. Walisimama karibu na dirisha, uso kwa uso. Kazik alivunja ncha ya mkate wa kaka yake na kumtakia mwanga mzuri na wateja wajinga. Halafu hakuondoka.

"Una neno la kuniambia, kaka?"

Leszek aliliona neno lile liko mdomoni tayari. Angefumbua tu. Aliangalia mezani, akamwona mama anapanga sahani huku bado anafuta machozi, akasema, "Nakutakia afya."

"Afya," alisema Kazik. "Sawa. Na wewe pia." Akamkumbatia, kwa nguvu kama desturi yake, akaenda kukaa.

Februari ilianguka theluji ya magotini. Kazik alikwenda kumfukulia mama yake njia. Aliufukua mlango, akafukua nafasi ya gari mbele ya nyumba, akaweka kiti cha jikoni katikati yake, kama tufanyavyo wote, ili jirani asije akaegesha kwa jasho lisilo lake. Kisha aliegemea koleo, akakaa kwenye kiti kile, na moyo ukasimama. Mtu aliyeishi akining'inia angani alifia chini, amekaa. Kiti kilibaki barabarani wiki nzima, na katika mtaa wetu, ambako watu wamepigana ngumi kwa ajili ya nafasi za magari, hakuna aliyekigusa.

Mama Bronia hakuomba mengi. Alizika, akavaa nyeusi, akapokea wageni. Ilikuwa baada ya Pasaka aliposema, akiwa anakunja leso, "Theluji imeisha. Nipeleke nikamwone Kazik."

"Mama, subiri kidogo, wanatengeneza ukumbi."

"Mpaka lini?"

"Nitakwambia."

Siku zile Leszek alifanya jambo ambalo alikuja kunisimulia mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa. Aliamua kudanganya kwa ufundi wake. Aliwaza: nitatafuta mwosha vioo mwingine yeyote katika picha zangu za zamani, nitampaka kitambaa rangi nyekundu, nitamweka ghorofa ya thelathini na tisa, nitamletea mama picha ndogo ya kutundika nyumbani, nimwambie ile kubwa imeondolewa. Alipekua kazi zake zote, mnara hadi mnara, tangu enzi za Mzee Hallberg. Minara ilikuwa mizuri ajabu, imesimama wima, mapazia kimo kimoja. Mwosha vioo hakumkuta hata mmoja. Mfagiaji hakumkuta. Hakumkuta mtu aliyesimama mlangoni. Alikuwa amewatoa wote kwa mkono wake, na sasa alipomhitaji mmoja tu wa kuazima, mji ulikuwa mtupu.

Basi akampeleka. Hakuwa na hila iliyobaki.

Mama Bronia alivaa kofia yake ya kanisani. Waliingia kwa mlango wa juu, ule wa kuzunguka, ambao ulimtia hofu kidogo, wakatokea katika ukumbi wenye sakafu ya mawe meupe yaliyong'arishwa. Mama alitembea kama mtu aliye juu ya barafu. "Kazik yuko wapi?" aliuliza kwa sauti, kwa Kipolandi, kama vile anamuuliza mtoto aliyejificha. "Kazik wangu yuko wapi?"

Mlinzi aliyekuwa nyuma ya meza, mzee mrefu aitwaye Tolliver, aliinua kichwa. Kipolandi hakujua, ila jina alilisikia.

"Samahani, bwana," alimwambia Leszek kwa Kiingereza. "Mama kasema Kazik? Ninyi ni watu wa Kaz, mwosha vioo?"

"Ni mdogo wangu. Alikuwa."

"Nilisikia. Poleni sana, poleni mno. Pua ni ile ile." Tolliver alitoka nyuma ya meza. "Kila walipoosha upande wetu alikuwa akija hapa, na viatu vyake vinachuruzika maji. Namfukuza kwa mdomo tu. Alikuwa akija kuitazama ile."

Akaonyesha picha ukutani.

Leszek alijaribu kuhesabu nyuma: msimu wa maua, kiangazi, majira ya baridi. Kwa hiyo siku ya mkate Kazik alikuwa anajua. Alikuwa anajua alipomwambia mama, alikuwa anajua alipouliza, Una neno la kuniambia, na alisubiri pale dirishani ajibiwe.

"Anasema nini?" aliuliza mama.

"Anatupa pole."

"Mungu ambariki. Haya, nionyeshe."

Walisimama chini ya picha. Mama Bronia alitoa miwani ya kusomea, akaivaa juu ya miwani ya kuonea mbali, akatazama juu. Alitazama kutoka paa mpaka mtoni, polepole, safu kwa safu. Kisha akaanza upya.

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya thelathini na tisa."

"Mbona simwoni?" Alisogea, akarudi nyuma, akazifuta miwani zote mbili. "Ee Yesu, macho haya. Mwanangu yuko mbele yangu nami simwoni. Uzee gani huu."

Na hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwa Leszek. Alikuwa na haja ya kunyamaza tu. Mama angeyalaumu macho yake mpaka kaburini, na picha ingekuwa na Kazik ndani yake milele, katika kichwa cha mtu mmoja. Alifikiria hivyo, hakunificha. Alisema aliifikiria kwa muda wa pumzi mbili tatu, na mama yake alikuwa bado anafuta miwani.

"Mama, acha. Macho yako ni mazima. Hayumo."

"Hayumo vipi?"

"Nilimpiga picha, alikuwemo. Kisha nikamfuta. Ndivyo tufanyavyo, tunafuta vitu ili jengo lipendeze. Nilitaka kubakiza nyingine ya kwake, nikasahau, nikaitupa."

Mama Bronia alimtazama kama vile haelewi lugha. "Umemfuta wewe?"

"Mimi."

"Basi mrudishe."

"Haiwezekani, Mama."

"Uliyemtoa ni wewe. Mrudishe."

"Nimetafuta. Haipo tena. Naapa nimetafuta."

Watu wa ofisi walipita na vikombe vyao vya kahawa, milango ya lifti ikafunguka na kujifunga. Kisha Mama akamgeukia Tolliver, aliyekuwa amejitenga kidogo kwa adabu, akamshika mkono wa koti lake la kazi.

"Huyu alimwona mwanangu," alisema. "Muulize alikuwa akifanya nini hapa. Nitafsirie yote. Usifute hata neno."

Leszek akauliza. Tolliver alivua kofia, akasema kwa vipande, akimngoja atafsiri, na Leszek akatafsiri.

"Anasema, siku ya kwanza Kazik alikuja na wenzake watatu. Aliwaambia njooni mnione."

"Endelea."

"Anasema walitafuta wakakosa. Wakamcheka. Wakamwambia, Kumbe hata kaka yako anakupangusa kama uchafu wa njiwa." Leszek akamgeukia mama yake. "Mama, inatosha."

"Haijatosha. Endelea."

"Anasema Kazik alibadilika rangi. Kisha akawaambia, 'Ninyi hamjui kazi. Kaka yangu ndiye fundi kuliko wote mji huu. Angeniacha mle, picha ingeharibika.' Wenzake wakaenda zao. Yeye akabaki."

"Akafanya nini?"

Leszek akauliza. Tolliver aliusogelea ukuta, akanyoosha kidole juu, kwenye dirisha moja katikati ya madirisha mengine yaliyofanana nalo.

"Anasema alimwonyesha pale. Akamwambia, 'Nilikuwa pale, mzee. Wewe peke yako ndiye ninayekwambia.' Na kila alipokuja baadaye alisimama hapa, akatazama pale, akatoka."

"Na mengine?"

"Basi, Mama."

"Huyu bado ana neno. Namwona usoni."

Kweli Tolliver alikuwa na neno, na alisita kulisema, maana sasa alishaelewa anazungumza na nani. Alilisema akitazama sakafu. Leszek alilisikiliza, na ilimchukua muda kulipata katika lugha ya mama yake.

"Anasema Kazik alimwomba, nikija hapa siku yoyote, asiniambie kwamba yeye aliwahi kufika. Alisema, 'Akijua nimeona, atajisikia vibaya.'"

Mama Bronia alivua miwani ya juu, akaikunja, akaiweka mkobani. Alimshukuru Tolliver kwa neno la Kiingereza analolijua. Kisha akamtazama mwanawe aliyebaki, kwa muda, bila hasira.

"Haya," alisema. "Sasa jisikie vibaya."

Akamshika mkono, maana sakafu ilikuwa inateleza, wakaanza kutoka.